Fundi, mpira wangu unaelea

Safari hii majibu nimeyaandikia jikoni. Julai ya Uyole haina huruma: vidole vinakufa ganzi, mstari unaotaka kunyooka unatetemeka. Nimesogeza meza karibu na jiko, mlango wazi, na barua zenu zimeshashika harufu ya viazi vya kukaanga. Nyingi zinauliza kuhusu katuni zinazosogea, ambazo wenye kamusi wanaziita uhuishaji. Kwa wasionijua, niliandika mabango ya bucha na saluni pale Mwanjelwa kwa miaka mingi kabla sijachora kitu chochote kinachotembea, na mpaka leo mkono wangu unajua herufi kuliko nyuso. Msinione profesa.

*

Shikamoo Fundi. Nipo kidato cha tatu, Makambako. Kuchora najua, hata mwalimu wa baiolojia huniita nimchoree ubaoni. Nimepakua programu ya katuni kwenye simu ya kaka, nikachora mpira unaodunda. Hauanguki, Fundi. Unaelea kama puto. Nimeurudia mara nne, nikauwekea hadi vivuli. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kwanza futa vivuli. Najua inauma, ila vinakupotezea muda. Mpira wako hauna kasoro. Kasoro ipo katikati ya mpira na mpira.

Video yako nimeitazama fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazopokezana kuleta mwendo. Toka juu mpaka chini umepiga hatua sawasawa, kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba. Jicho likiona hatua sawa linasema kitu hiki kinateleza, au kuna mtu anakibeba. Kinachoanguka huanza kwa uvivu, kisha kinakimbia.

Chukua kaunta buku na rula. Piga mstari wa wima wa sentimita 16. Mpira wa kwanza uweke juu kabisa, kwenye sifuri. Wa pili sentimita 1 kutoka juu, wa tatu 4, wa nne 9, wa tano 16, chini sakafuni. Hatua zako ni 1, 3, 5, 7. Hesabu hiyo si ya kwangu, ni ya Galileo, mwanasayansi wa zamani wa Italia, na haijawahi kuniangusha. Kila mchoro uushikilie fremu mbili. Sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde, lakini wachoraji wa mkono siku zote wamekuwa na njia ya kupumua: wanachora 12, kila mmoja unapigwa picha mara mbili. Kwa hiyo hatua zako nne ni fremu 8, theluthi ya sekunde. Angusha kitu kutoka usawa wa kiti, kama nusu mita hivi, nacho kitachukua karibu muda huohuo. Jaribu.

Kupanda ni kinyume: hatua ya kwanza ndefu, kisha fupi, fupi zaidi, na kule juu michoro inasongamana mpaka karibu inalaliana. Ule msongamano ndio unaompa mtazamaji hisia kwamba mpira umesita kidogo kabla ya kurudi. Na usiurudishe mpaka pale ulipoanzia. Kila mdundo upungue.

Pale unapogusa sakafu, ubonyeze. Mchoro mmoja tu, uwe bapa, lakini upana uongezeke kwa kadiri kimo kilivyopungua, la sivyo utaonekana umenywea. Mchoro unaotangulia huo, mpira ukiwa kwenye kasi yake kubwa, uvute kidogo kama yai. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walipoziandika kanuni 12 za kazi hii mwaka 1981, hii ya kubonyea na kuvutika waliiweka mwanzo kabisa.

Ukimaliza mpira, chora kiazi. Kiazi mviringo cha kawaida, kile cha kwenye gunia. Tumia alama zilezile, 1, 4, 9, 16, kwa sababu kiazi na mpira vinaanguka sawa. Lakini kikifika chini usikibonyeze. Kirushe nusu sentimita, kizungushe robo mzunguko, kilaze. Ukivitazama vyote viwili utaona jambo ambalo mimi lilinichukua miaka miwili kuliona: uzito wa kitu hausomwi kinapoanguka, unasomwa kikishagonga. Tofali halirudi kabisa. Kinachoruka ni vumbi.

La mwisho kwako. Umesema ulianza mchoro wa kwanza ukaenda moja kwa moja hadi wa thelathini. Si dhambi, moto, moshi na maji mimi huvichora hivyo. Lakini mpira, au mtu anayetembea, anza na michoro mikuu: juu, chini, juu tena. Icheze. Ukiridhika ndipo ujaze ya kati. Kwenye studio za zamani hata mishahara ilifuata mgawanyo huo, mkuu akichora mikuu na vijana wakijaza. Hiyo programu yako ina kipengele kinachoonyesha mchoro uliopita kwa rangi hafifu chini ya ule unaochora, wanakiita ganda la kitunguu, jina la karatasi nyembamba iliyotumika zamani. Kiwashe. Mimi nilikuwa natoboa karatasi kwa panchi, nazivisha kwenye misumari miwili juu ya kioo cha dirisha, chini naweka taa. Ni kitu kilekile, isipokuwa changu kilikuwa kinaunguza kidevu.

*

Ndaga fijo kwa safu hii, Fundi. Nafundisha darasa la nne, nje kidogo ya Tukuyu. Wanafunzi 71, kompyuta moja, nayo ni ya ofisi. Nataka watoto waone kwa macho yao picha inavyosogea. Nina karatasi, mikasi na simu yangu.

Mwalimu, una zaidi ya walichokuwa nacho waanzilishi.

Siku ya kwanza kata kadi ya duara. Upande mmoja watoto wachore kuku, upande wa pili tenga. Tobolea matundu kushoto na kulia, funga uzi kila upande, sokota, vuta. Kuku anaingia tengani. Wengi hukosea hapa: ukigeuza kadi kama unavyogeuza ukurasa, picha ya nyuma lazima uione kichwa chini. Usipofanya hivyo kuku atakuwa nje, miguu juu.

Siku ya pili, pembe ya daftari. Kila mtoto kurasa 20, jua linachomoza nyuma ya Mlima Rungwe, anazipeperusha kwa kidole gumba. Waambie kuna Mwingereza, John Barnes Linnett wa Birmingham, aliyekwenda kusajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kijitabu cha namna hiyo mwaka 1868. Watacheka, wengine tayari wanavyo kwenye daftari za hisabati.

Ukipata karatasi ya manila, viringisha pipa fupi lililo wazi juu, kata nafasi nyembamba 12 kuzunguka ukingo, na ndani weka utepe wenye michoro 12. Litundike kwa uzi, lizungushe, mtoto achungulie kupitia zile nafasi. William Horner alilibuni pipa hilo mwaka 1834. Kisha mwache mtoto mmoja achungulie kwa juu, bila nafasi. Ataona ukungu mtupu. Hapo utakuwa umefundisha somo zima bila chaki: jicho linahitaji kuona kidogo, lifungwe, lione tena. Picha ikipita mfululizo bila kukatwa, inajipaka.

Sasa simu. Iegemeze kwenye matofali mawili, usiishike mkononi hata ukijiamini vipi. Piga picha, sogeza kitu kidogo, piga tena. Picha 12 ni sekunde moja. Gawa darasa makundi manane, kila kundi sekunde tano, yaani picha 60. Mmoja anapiga, mmoja anasogeza, mmoja anahesabu kwa sauti, wengine kazi yao ni kutopumulia meza.

Ngoja nikuambie yaliyonikuta ili yasikukute. Filamu yangu ya kwanza ya namna hiyo mhusika mkuu alikuwa ndizi. Ndizi mbichi ya kupika, imenunuliwa hukohuko kwenu, inapanda ngazi ya magunzi. Sekunde 20, picha 240. Nilifanya kazi jioni baada ya mabango, siku nne. Nilipoicheza, ndizi ilianza safari ikiwa ya kijani, katikati ya ngazi ikapata rangi ya njano, ikafika kileleni na madoa meusi. Iliiva ndani ya sekunde ishirini. Watu walinipongeza kwa ubunifu, nami nikanyamaza. Mke wangu alimkaanga mhusika mkuu usiku uleule.

Kosa la pili halikuwa na wa kulipongeza. Nilikuwa napigia karibu na dirisha. Ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza picha inafifia, ukiinuka inang'aa, na filamu yote ikapepesa kama taa inayokufa. Funga madirisha, tumia taa moja isiyosogea. Na kama simu inakubali, zuia isijirekebishe mwanga yenyewe.

Kama unaogopa ndizi, tumia udongo. Ule wa wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kule karibu na Matema, unashika umbo vizuri mno, lakini ukikauka unapasuka. Usiku mfunike mhusika kwa kitambaa kibichi. Au rahisi kuliko yote, kata watu wa kadi nyeusi, viungo vyao ufunge kwa uzi, uwalaze juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini. Mjerumani Lotte Reiniger alitengeneza filamu ndefu kamili kwa vivuli vya kukatwa kwa mkasi, akaitoa mwaka 1926. Mkasi unao.

*

Kaka Fundi, mimi nahariri video za harusi, Tunduma. Nataka kuweka katuni ndogo mwanzoni. Niweke fremu 24, 25 au 30?

Weka ile ya video yenyewe. Sinema ni 24. Televisheni ya kwetu ilirithi 25 kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde, na 25 ni nusu yake. Wamarekani wenye hezi 60 walienda karibu na 30. Simu nyingi hurekodi 30. Ukichora kwa 24 ukaipachika kwenye kazi ya 30, programu italazimika kurudia fremu moja katika kila nne, na bibi harusi wako wa katuni atatembea kama bajaji yenye plagi chafu. Amua kabla hujachora.

*

Habari za kazi Fundi. Natengeneza hadithi fupi za watoto kwa simu, nipo Njombe. Midomo ya wahusika wangu haiendani na maneno. Nimetafuta chati za midomo, zote ni za Kiingereza. Natakiwa nichore midomo mingapi?

Nzuri dada. Swali lako nilikuwa nalingoja tangu safu hii ianze, maana hapa lugha yetu inatupendelea na hatusemi.

Chora saba. Mdomo uliofungwa, wa M, B na P. Meno ya juu yamegusa mdomo wa chini, wa F na V. Kisha irabu tano: A umeachama, E umeachama nusu na kutanuka, I umetanuka na kubana, O wa mviringo, U umechongoka, na huo wa U utautumia pia kwa W. Basi. K, T, S, N, L, R na wenzao hufanyika ndani kwa ulimi. Mdomo unabaki na umbo la irabu ya jirani. Na kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na irabu, mdomo wetu unafunguka kwa mpigo unaohesabika. Mwingereza ana maneno yanayoishia na konsonanti tatu zimerundikana. Mwachie chati zake.

Rekodi sauti kwanza, siku zote. Halafu chukua karatasi, piga mistari, kila mstari fremu moja, sikiliza na uandike. Tufanye neno Mafinga, limesemwa kwa robo tatu ya sekunde, fremu 18. M fremu 2, A fremu 4, F fremu 2, I fremu 6, halafu A ya mwisho fremu 4. Kwa nini I imepewa nyingi? Mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anayesikiliza anausubiri huo mkazo hata kama hajui jina lake. Zile ng wala usizichore, zinapita ndani.

Mambo mawili ambayo chati hazisemi. Mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Ukiuweka sawasawa kabisa na sauti utaonekana umechelewa. Na ule mdomo wa M na B usiupunguze chini ya fremu mbili hata kama sauti ni fupi, kwa sababu usipoonekana umefungwa mtazamaji anajua umemdanganya. Ukikosea O na U hakuna atakayekuandikia.

Na kama mikono inakuuma, tenga kichwa na mwili. William Hanna na Joseph Barbera walipokuwa wanatengeneza katuni za televisheni kwa bajeti ndogo, waliwavisha wahusika tai au kola shingoni, ili kichwa kisogee peke yake na maungio yasionekane. Wako mvishe kitenge shingoni. Njombe kuna baridi, hakuna atakayeuliza.

*

Kamwene. Mimi ni mama wa hapa Iringa, nafuga kuku wa mayai. Kijana wangu amemaliza chuo, anataka nimnunulie kompyuta ya milioni tatu atengeneze katuni. Anasema kuchora kwa mkono kumepitwa, siku hizi kompyuta inachora yenyewe. Niuze kuku?

Kamwene mama. Usiuze bado.

Kijana hajakudanganya, amekuambia nusu. Kwenye kompyuta, hasa hizi katuni za umbo kamili unazoweza kuzizunguka, mhusika hachorwi kila fremu. Anajengwa mara moja kama sanamu, anatiwa mifupa ndani, goti linakunjwa, kiwiko kinakunjwa, basi amekuwa kikaragosi. Kisha mtu anaweka mkao kwenye fremu ya 1 na mkao mwingine kwenye fremu ya 24, na mashine inajaza ya katikati. Hiyo ndiyo "inachora yenyewe". Ile kazi ya vijana wa studio za zamani ndiyo imechukuliwa na mashine. Ya mkuu bado ipo palepale.

Mashine haijui kama anayeanguka ni mpira au kiazi. Itajaza katikati kwa ulaini uleule wa kila siku, na kijana wako ataletewa kitu kinachoelea, kama huyu mwanafunzi wa Makambako aliyeandika hapo juu. Ndani ya programu kuna grafu, mstari unaopanda na kushuka, na mhuishaji anakaa saa nzima anaupinda ule mstari mpaka kitu kiwe na uzito. Mstari ule ni zile 1, 3, 5, 7 zilizovaa suti. Hata matabaka anayoyasifu, mandhari chini na mhusika juu, yana umri: Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi mwaka 1914. Kabla ya hapo mandhari ilirudiwa kwenye kila karatasi. Mlima uleule, mara elfu.

Mwambie akuoneshe kwanza. Blender ni programu ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi tangu 2002, na filamu ya Latvia iitwayo Flow ilitengenezwa humo ikachukua Oscar mwaka 2025. Inafunguka hata kwenye kompyuta ya mtumba, ataanza na vitu vidogo. Mpe wiki tatu: mpira, kiazi, na mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Huyo wa tatu ndiye mtihani. Ndoo ikienda sawa, bila kuyumba, huku nyonga na magoti vikifanya kazi yote, huyo kijana ana jicho. Ndoo ikidunda kila hatua kama mpira, abaki kidogo na kaunta buku. Kazi zipo, katuni ya watoto ya Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014 na wajukuu zako huenda wanaiimba.

Akifaulu, ukauza kuku, kuna jambo moja la nyumbani ulijue. Baada ya kupanga mwendo, kompyuta inapaswa kupiga hesabu ya mwanga na rangi kwa kila fremu, vijana wanaita kurenda. Fremu moja ikichukua dakika 2, sekunde 10 ni fremu 240, ambazo ni dakika 480, saa nane. Mimi tangazo langu la kwanza, la duka la vifaa vya ujenzi, nililitoa kama faili moja la video. Saa nane usiku umeme ukakatika, na faili likafa lote, saa saba za kazi. Tangu hapo natoa picha moja moja zenye namba. Umeme ukikatika kwenye 151, asubuhi naanza hiyohiyo 151, kisha naziunganisha. Mwambie hilo kabla ya lolote.

Na usiku ukiamka ukakuta feni inanguruma, mwanga unawaka chumbani na hakuna mtu mbele ya mashine, mama, usichomoe waya.